Muuaji wa Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Katika ukurasa wa mia na kumi na mbili, baba yangu anaua mtu.

Anaingia ghalani kwa mlango wa nyuma, anaburuta mguu wake wa kushoto, na huku akiinua nondo anaimba chini kwa chini kasida ileile aliyokuwa akituimbia mimi na wadogo zangu wakati wa kutuogesha. Niliisoma aya hiyo nimesimama, katika ofisi ya shule ninakofanya kazi ya ukarani, mkono mmoja umeshika muhuri nilioutoa kwenye wino nikasahau kuupiga. Nikairudia. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Hilo ndilo lililonichoma kwanza, kwamba ilikuwa nzuri.

Mwalimu Clésio, aliyeleta boksi la vitabu hivyo kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, alikuwa akinitazama kwa furaha.

"Ni riwaya ya kwetu, dona Wahida. Mocímboa yetu hii hii. Watoto wataisoma darasani."

"Muuaji ni nani?"

"Aa, nisikuharibie utamu."

"Mwalimu, muuaji ni baba yangu."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Ni kijana wa kutoka Montepuez. Mambo ya huku yalipotokea yeye alikuwa hajazaliwa.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Henrique, karani wa ghala la kampuni moja ya magogo karibu na bandari, alikutwa mchana amelala kifudifudi, kichwa kimepasuka. Mji mzima ulijua kwamba wiki ile alikataa kutia sahihi karatasi za magogo yaliyokuwa yakipakiwa melini bila kibali. Mji mzima ulijua, na kwa sababu hiyo ilibidi atafutwe mtu mwingine. Baba yangu, Latifo, alikuwa mlinzi wa ghala. Siku hiyo alikuwa kijijini Pundanhar, amekwenda kumzika dada yake, na alirudi na barua ya mkuu wa posto, yaani mkuu wa tarafa ya huko, yenye tarehe na muhuri. Mkubwa mmoja wa polisi aliisoma barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwake. Tangu hapo barua haikuonekana tena. Baba alikaa mahabusu miezi saba. Hakufikishwa mbele ya hakimu hata siku moja. Siku waliyotuita twende kumchukua, tulimchukua ndani ya jamvi. Wakasema malaria.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alihama kisima, akawa anateka maji mtaa wa mbali ambako hawakumjua. Kaka wa mchumba wangu wa kwanza alikuja kurudisha maneno ya posa, akaanza kwa kusema, "Sisi hatuna ubaya na nyinyi." Nikajifunza kwamba sentensi hiyo haina mwisho mwema.

Ndiyo maana Virgílio, mwandishi wa riwaya hiyo, alipobisha hodi, nilimfungulia kwa mikono miwili. Ulikuwa mwaka wa ishirini na tatu, watu ndio kwanza wanarudi kutoka ukimbizini baada ya vita, nyumba nyingi bado hazina mapaa. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani, jina lake limekwisha tokea magazetini. Alisema anaandika riwaya ya upelelezi juu ya kesi ya zamani ya hapa ambayo haki haikutendeka. Maneno hayo aliyatamka yeye, sikumlisha. Nilimpikia ugali na pweza wa nazi. Kwa siku tatu nilimweleza yote: mguu aliouvunja baba alipoanguka mnazi, kasida yake, na jinsi alivyokuwa akipiga chafya tatu mfululizo na mama akimwambia atatuamshia majirani. Virgílio alirekodi kwa simu. Mahali fulani alivua miwani akafuta macho. Nami nikalia, nikidhani tunalilia kitu kimoja.

Kitabu kilizinduliwa Jumamosi moja asubuhi kwenye ukumbi wa shule yetu. Kitambaa cheupe mezani, maji ya chupa, watu kama hamsini. Nilikaa mstari wa mbele. Alizungumza vizuri juu ya kumbukumbu, juu ya jeraha la jamii, juu ya wajibu wa mwandishi. Kisha Clésio, bila kuniangalia, akauliza kama kuna swali.

Nikasimama. "Senhor Virgílio, uliniambia unaandika juu ya haki."

Alinitambua. Akatabasamu kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni.

"Mana Wahida, dada yangu. É ficção. Ni hadithi ya kubuni. Jina la baba yako halimo."

"Jina halimo. Mguu umo. Kasida imo. Mtaa wetu umo, na mlango wetu wa bluu. Umeacha jina tu, na watu wa hapa hawalihitaji jina."

Ukumbi ukaguna. Virgílio alisubiri sauti zitulie, halafu akaeleza taratibu, kama anayefundisha, kwamba riwaya ya aina hii ina kanuni zake. Msomaji lazima ashtuke mwishoni. Mlinzi mpole ndiye asiyeshukiwa. "Kampuni kumuua karani," alisema, "hilo kila mtu analitarajia. Halishtui."

Halishtui. Nimesikia mengi juu ya baba yangu. Nimesikia kwamba alikuwa jambazi, kwamba alikuwa mchawi, kwamba aliuawa na damu ya mtu aliyemuua. Lakini miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kosa lake ni kutokuwa na kosa, na kwamba ukweli wake unachosha.

Ndipo sauti ikatoka nyuma.

"Mimi nilikuambia si yeye."

Alikuwa Gracinda, mjane wa Henrique, mwanamke wa kutoka nyanda za juu, chale za Kimakonde zikionekana usoni mwake hata kwa mbali. Tulikuwa tumeishi mji mmoja karibu miaka thelathini bila kusalimiana, isipokuwa vita ilipotutawanya. Nilimwona akishika kiti cha mbele yake ili aweze kunyanyuka.

"Ulikuja na kwangu," alimwambia Virgílio. "Nikakuambia asubuhi ile walikuja wanaume wawili na gari la kampuni, wakamwita mume wangu kwa jina, akaacha chai yake mezani. Nikakuambia sura zao nazijua. Nikakuambia polisi waliniambia nimechanganyikiwa kwa msiba, wakakataa kuandika. Wewe uliandika, nilikuona. Au hukuandika?"

"Niliandika, mama."

"Basi ulijua."

Virgílio alikunywa maji. Akasema anaheshimu uchungu wetu sote. Clésio akafunga mkutano harakaharaka, na watu, Mungu awasamehe, wakapanga mstari ili vitabu vyao vitiwe sahihi.

Niliwaandikia wachapishaji. Walijibu kwa adabu kwamba chapa ijayo itaongezwa mstari usemao wahusika wote ni wa kubuni. Nikaenda mahakamani kutafuta faili la baba, nipate hata karatasi moja ya kuwaonyesha. Karani alinihurumia. Masijala iliungua mwaka wa ishirini, wakati wa vita, alisema, pamoja na jengo zima. Hakuna faili, kwa hiyo hakuna kesi. Nilitoka nikasimama juani. Faili la baba liliungua. Maandishi pekee yaliyobaki duniani juu ya kifo kile ni ya Virgílio, na atakayetaka kujua kesho atafungua ukurasa wa mia na kumi na mbili.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilibisha hodi kwa Gracinda. Alikuwa uani akichagua kunde. Nilimweleza nimesimama. Hakunipa pole. Aliweka ungo chini, akanawa uso, akaingia ndani akatoka na kitambulisho chake na kikapu.

"Twende tukaandikishe."

Kijana wa ofisi ya usajili alitusikiliza, kalamu kinywani. "Tamko la nini, mama? Kesi hakuna, faili hakuna, wahusika wamekwisha kufa."

"Mimi sijafa."

"Lakini linapelekwa wapi?"

"Halipelekwi popote. Liandike."

Gracinda alisema kwa Kiswahili, mimi nikageuza kwa Kireno, kijana akapiga kompyuta kwa vidole viwili. Alieleza gari, wanaume wawili, chai. Halafu akanigeukia. Aliona haya.

"Baba yako alikuwa nani, kwa ukamilifu? Mimi siku zote nilimwita mlinzi."

"Latifo Suleimane Ndala."

Alilirudia kimya, midomo ikicheza. Kisha akamwambia kijana, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani, "Latifo Suleimane Ndala hakumuua mume wangu."

Kijana aliacha kupiga. Alimtazama, akanitazama mimi, akarudisha vidole mahali pake akaandika.

Gracinda hakujua kuandika. Alitia dole gumba. Walipomletea kitambaa cha kufutia wino, kilikuwa kichafu kuliko kidole, akakikataa. Tukatoka. Jua lilikuwa la utosi. Alikuwa ameinua kidole chake mbali na nguo kisije kikaichafua, akaninyooshea kikapu kwa mkono mwingine.

"Nishikie, mwanangu. Tupitie sokoni nikanunue dagaa. Ila usikimbie, magoti yangu hayawezi."