Potopoto ya Mama Ketsia

Jumanne, saa mbili asubuhi, fundi Isidore Hatungimana alikuwa amelala chali chini ya pikapu nyeupe katika garaji yake pale Baraka, akihesabu kwa kidole lame za springi, yale mabamba ya chuma yanayobeba uzito wa gari. Upande wa kushoto zilikuwa nne. Upande wa kulia zilikuwa tatu na kipande. Mwenye gari, Marthe Nibizi, ambaye watu wote kuanzia Lubondja hadi ziwani humwita Mama Ketsia, alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, mkoba mapajani, akitazama miguu ya fundi.

"Mama Ketsia," Isidore alisema kutoka chini, "hii gari inavuta na magurudumu ya nyuma tu. Mbele haiko na pont. Hii ni gari ya lami."

"Lami iko wapi?"

Isidore alifikiri kidogo. "Huku kwetu haiko."

"Basi itengeneze ipite."

"Ipite wapi?"

"Pale ilikwama."

Kila mtu alijua pale ilipokwama.

Ilikuwa mwezi wa tatu, siku ya mvua. Pikapu ile ilikuwa imembeba Ketsia, binti wa pekee wa Marthe, mwenye uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, wakitoka Lubondja kwenda hospitalini Baraka. Bondeni, barabara inakatwa na potopoto, tope jeusi la mita kumi na mbili. Magurudumu ya nyuma yalizunguka mpaka yakajichimbia shimo. Wanaume kumi na mmoja walisukuma. Ketsia aliomba maji mara mbili, kisha akaomba ainuliwe kichwa, na ilipofika saa tisa alasiri hakuomba tena kitu. Mtoto hakutoka.

Potopoto ile haikupaswa kuwepo. Mwaka uliotangulia, wanawake wa Lubondja walivunja mawe kwa nyundo miezi miwili mizima ili kujaza mahali pale. Ketsia alikuwa mmoja wao. Jioni alirudi nyumbani na vumbi jeupe kwenye nyusi. Kazi ilikuwa ya mkandarasi wa Baraka aitwaye Willy, ambaye wafanyakazi wake walimwita Patron, yaani bosi. Siku moja malori matatu yalikuja, yakapakia mawe yote, yakapita bondeni bila kupunguza mwendo, yakaenda kuyamwaga katika parseli ya Willy, kiwanja cha nyumba yake. Sasa ni ukuta wa mita mbili na nusu, una geti la bluu.

Baada ya matanga Marthe alikwenda kumwona. Willy alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akampa Fanta, akaongea nusu saa nzima juu ya mapenzi ya Mungu na ugumu wa mvua za mwaka ule. Hakuuliza jina la marehemu. Marthe alikunywa Fanta yake, akatazama ukuta, akashukuru, na kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Isidore.

Kazi ilichukua wiki tatu. Isidore alikuwa fundi wa taratibu. Alitoka Burundi akiwa na sanduku moja la funguo na hakuwahi kupoteza hata moja. Aliongeza lame mbili kila upande, akainua mbele kwa vyuma alivyovikata mwenyewe, mpaka Marthe akalazimika kushika mlango ili apande. Aliweka matairi yenye meno marefu. Chini ya injini alifunga bamba la chuma nene ili mawe yasipasue sampu ya oili. Bomba la kuvutia hewa alilipandisha juu ya paa, gari isinywe maji. Kisha akafungua pont ya nyuma, ekseli yenye gia za kugawia magurudumu nguvu.

"Hapa ndani," alimwonyesha, "gurudumu moja likikosa mushiko, nguvu yote inaenda kwake, lingine linalala. Njo sababu ilikwama. Nikichomelea hizi gia, tairi zote mbili zitazunguka pamoja. Kwenye tope ni muzuri. Kwenye kona ya kavu zitalia."

"Ziache zilie."

"Na tairi zitakwisha mbio."

"Ziishe."

Isidore alichomelea. Alipomaliza alifuta mikono kwa kitambaa. "Iko kitu kingine?"

"Nyuma weka kulabu. Kubwa."

"Ya kuvuta nini?"

"Ile potopoto."

Isidore alichukua utepe wake wa kupimia. "Iko na urefu gani?"

"Mita kumi na mbili."

"Basi nitaweka kulabu mbili," alisema, "uzito usiende upande moja."

Alhamisi asubuhi, akitoka Lubondja na muhogo wa kuuza, Marthe alipakia mifuko sita ya mchanga nyuma, juu kabisa ya ekseli, ili magurudumu yashike. Bondeni alishuka akapunguza upepo wa matairi. Akaingia kwenye tope kwa gia ya kwanza, bila kukanyaga sana, bila kuachia. Pikapu ilipita ng'ambo kana kwamba ilikuwa ikipita hapo kila siku. Marthe alikaa kidogo mikono juu ya usukani. Gari ileile, mahali palepale, na ilikuwa imechukua dakika moja na nusu.

Alishuka tena, akafunga minyororo miwili kwenye kulabu, akaenda kwenye ukingo wa potopoto, pale tope linapokuwa gumu kama bukari, ule ugali wa muhogo, iliyoganda pembeni ya sufuria, akaichomeka miisho ya minyororo ndani. Ilishika. Akarudi kwenye usukani.

Potopoto iling'oka kwa sauti ya ngozi inayochunwa. Ilikuja yote, na maji yake, na vyura wake, na magogo ambayo wale wanaume kumi na mmoja waliyatia chini ya magurudumu mwezi wa tatu. Ilipotoka, chini yake palibaki ardhi nyekundu, kavu. Mwenye pikipiki mmoja aliyetoka Kilembwe na mbuzi wawili alikuwa amesimama pembeni akisubiri. Mkia wa tope ulipomaliza kupita, alimsalimu Marthe, akawasha pikipiki yake, akaendelea na safari.

Kwenye barriere, kizuizi cha barabarani, mlinzi aliizunguka pikapu mara moja.

"Mama, unabeba nini?"

"Muhogo. Na muchanga."

"Na hiyo ya nyuma?"

"Potopoto."

"Ya nani?"

"Ya Patron Willy. Ninamupelekea."

Mlinzi alitafuta kwenye orodha yake ya mizigo, ukurasa wa kwanza na wa pili. Potopoto haikuwemo. Alishusha kamba.

Saa sita mchana Marthe alifika mbele ya geti la bluu. Alizunguka taratibu, magurudumu ya nyuma yakilia kwenye kona kama Isidore alivyosema, akailaza potopoto kuanzia pembe moja ya ukuta hadi nyingine, akafungua minyororo. Tope lilijinyoosha, likatulia. Vyura walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea.

Alasiri ile watu walivuka kama kawaida. Wamama wenye mabeseni ya ndakala, dagaa wa ziwani, walilowa vifundo vya miguu tu. Baiskeli zilipita. Kisha jeep ya Willy ilitoka, jeep yenye nguvu kwa magurudumu yote manne, ikazama hadi milangoni.

Willy alipanda juu ya boneti na viatu vyake vyeupe.

"Mama, nani amekutuma?"

"Unanijua?"

"Nakujua. We ni ule mama wa Lubondja."

"Sema jina ya mutoto wangu, nitaivuta nirudi nayo."

Willy alifungua mdomo. "Rachel," alisema. Jeep ilishuka kidogo. "Ama Estha." Jeep ilishuka tena. Kijana wa jirani alipita akisema, "Shikamoo, Mama Ketsia," na Marthe akaitikia, lakini Willy alikuwa akitazama viatu vyake na hakusikia.

Jioni watumishi walimvuta Willy kwa kamba akarudi ndani, na kuanzia siku hiyo Marthe alipanga ndizi zake za kuuza ng'ambo ya barabara, mbele ya geti. Aliamka na hamu ya kula, jambo ambalo halikumtokea tangu mwezi wa tatu. Aliona jinsi watumishi wa Willy wanavyojaribu mbao, wanavyojaribu majani ya migomba, wanavyojaribu kokoto walizozitoa kwenye ukuta wenyewe. Yeyote aliyetoka katika parseli ile alizama. Chakula kiliingia, kwa sababu waliokibeba walikuwa watu wa nje, lakini kutoka hakuna aliyetoka. Marthe aliuza ndizi na kutazama, na kila jioni alikwenda nyumbani ameshiba.

Siku ya tisa, Isidore alikuja kwa miguu akasimama mbele ya ndizi zake.

"Mama Ketsia. Mukamwana wa Willy, bibi ya kijana wake, iko na uchungu. Banasema mutoto amekaa vibaya."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Isidore alitazama simu yake. "Saa nane."

Marthe alipanga upya chane moja ya ndizi. "Bado saa moja," alisema.

Isidore hakuondoka. Nyuma ya ukuta alisikika mwanamke akilia, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza Marthe alikufahamu. Alikuwa amekungoja siku tisa bila kujua kwamba ndiko alikokuwa akikungoja.

"Anaitwa nani?" aliuliza mwishowe.

"Merveille."

Marthe alisimama. Hakuweza kumwacha mtu ambaye sasa alimjua kwa jina, na jambo hilo lilimuudhi sana. Alipanda ndani ya pikapu akafunga mlango kwa nguvu.

Potopoto iliibeba pikapu kama meza. Ndani ya ua, wanawake wawili walimlaza Merveille kwenye godoro juu ya mifuko ya mchanga, wakapanda naye. Alikuwa na umri wa Ketsia. Willy alikuja akikimbia, shati nje, mkono tayari kwenye mlango wa mbele.

"Niko nakuja naye."

"Hapana," Marthe alisema. "We uko na jeep yako."

Willy alishika ubao wa nyuma wa pikapu akafuata kwa miguu. Wakafika katikati. Kwenye kioo Marthe aliona vidole vyake vikiteleza, kimoja kimoja, kisha akamwona amebaki nyuma, tope kiunoni, kisha kifuani. Mguu wake ulikuwa karibu na breki. Haukuikanyaga.

Hospitalini walimpasua Merveille saa tisa kasoro dakika kumi. Alipata mtoto wa kike, mzima. Wale wanawake wawili walipiga vigelegele na mmoja akaja kumkumbatia Marthe, lakini Marthe alikuwa nje akiosha magurudumu. Hakuwa amemsamehe mtu yeyote, na hakutaka ieleweke vingine.

Walijaribu kumtoa Willy kwa kamba, kisha kwa lori. Jeep ilitoka siku ileile. Yeye hakutoka. Watu wa nyumba yake wakaanza kuingia na kutoka bila shida, tope likiwafika vifundoni kama watu wengine, naye akabaki mahali pake, amezama hadi kifuani, mbele ya geti lake. Siku ya tatu walimwekea mwavuli. Siku ya tano seremala alimtengenezea meza ndogo ya kulaza juu ya tope, na makarani wakaanza kuja na mafaili. Aliomba simu zake mbili, zikaletwa. Wageni walipiga magoti kwenye ubao ili kumpa mkono. Kabla ya mwezi kwisha alipewa kazi nyingine, ya barabara ya kupanda Bibokoboko, na alisaini karatasi palepale kwa mkono wa kulia, ambao ulikuwa safi. Alinenepa kidogo usoni. Asubuhi alimsalimu Marthe kutoka ng'ambo: "Mama, ndizi ziko bei gani leo?" Naye Marthe, ambaye alitegemea mtu huyo ataomba, au atalia, au atakufa, alijikuta akimtajia bei.

Mwezi wa kumi mvua zilirudi. Bondeni, njiani kwenda Lubondja, ardhi ile nyekundu ililegea, kwa sababu haikuwa na mawe wala mfereji, na potopoto mpya ikafunguka mahali palepale. Lori la muhogo lililala humo siku nne. Marthe alilivuta, kisha akaipima potopoto kwa hatua. Ilikuwa na mita kumi na tisa.

Jumatatu alikwenda kwa Willy, akachuchumaa kwenye ubao wa wageni.

"Nataka mawe," alisema. "Barabara imekatika tena."

Willy alisukuma faili pembeni. Hakuwa na hasira. Alimweleza polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni desturi za mji.

"Mama, ile kazi ilishapokelewa. Ikishapokelewa, imekwisha. Siwezi kuifanya mara mbili."

"Ilipokelewa na nani? Haiko na jiwe hata moja."

"Mi sikusaini peke yangu. Engenieri Déogratias njo alikuja na gari yake, akapima, akasema iko bien, iko muzuri. Sahihi yake iko juu ya yangu."

"Anakaa wapi?"

Willy, ambaye mikono yake ilikuwa na karatasi, alielekeza kwa kidevu. Kule chini, karibu na ziwa, kulikuwa na nyumba ya bati la kijani, imepakwa rangi karibuni, na barabara safi mbele yake.

Marthe alishukuru. Alishuka na pikapu hadi pale, akapita taratibu mbele ya nyumba mara moja, akageuza, akapita tena. Bustani ilikuwa imefagiliwa. Mwanamume mmoja aliyevaa miwani alikuwa ameketi barazani akisoma, akampungia mkono kwa adabu, naye Marthe akampungia. Kutoka pembe moja ya uzio hadi nyingine kulikuwa na mita ishirini, labda na moja. Nafasi ilitosha. Alipandisha vioo, maana mvua ilikuwa imeanza tena, akashika njia ya Lubondja.