Ndege Isiyowahi Kuruka

Usiku wa kuamkia leo niliota ndege yangu imenuna.

Ndege yenyewe ni ya plastiki na inakaa kwenye sinia. Ni mfano wa ile ndege ya kivita ambayo mama mkwe wangu, mama Nyemo, aliihudumia jeshini akiwa fundi, tangu usichana wake hadi alipostaafu. Niliiunganisha kipande kwa kipande, nikaipaka rangi, kisha nikaizeesha, maana ndege inayong'aa haiaminiki. Nikaipaka masizi na vumbi kila mahali, kwa haki na usawa, kama mtu anayepaka chapati samli. Nilitaka mama aondoke nayo leo asubuhi.

Sasa, kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Neno hupitia kwa mke. Jana jioni mama aliigeuzageuza ndege, mimi nikiwa palepale nimempa mgongo, akamwambia binti yake: "Mwambie mumeo ndege yake haijawahi kuruka."

Nyemo akanigeukia, akaniambia ndege yangu haijawahi kuruka. Nikamwomba amshukuru mama. Nilijikaza kisabuni, lakini iliniuma sana, na nikaenda kulala nayo moyoni.

Basi niko kitandani, na kitanda ni uwanja wa ndege. Shuka ndiyo njia ya kurukia. Mwongoza ndege ni kopo la vanishi lililovaa kofia, nalo linasema hakuna kuruka mpaka nitandike. Natandika. Nimepungua mara sabini na mbili, maana ndege yangu ni ndogo mara hizo kuliko ile ya kweli, na hata njaa yangu imepungua vivyo hivyo. Nimeshiba kwa punje moja ya wali na nyingine nimeibakiza.

Napanda, nawasha injini. Ndege haisogei.

"Siruki," inasema.

Naiuliza kuna nini. Inanionyesha doa kwenye bawa lake na kutaka kujua nani aliliacha pale. Nasema ni mimi.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakuchafua."

"Hicho si kisa," inasema ndege.

Madoa nayo yanaanza kulalamika. Moja lililo kwenye ncha ya mkia linasema lina kizunguzungu na halijui lilifikaje juu huko. Lingine liko kwenye kioo cha rubani, linaniomba radhi kwa kunizibia njia. Yanajipanga foleni, yanashuka kwa adabu, moja likimshika mkono mwenzake, na kuelekea jikoni, ambako sasa kuna mto. Ndege inabaki safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, na mimi nataka kulia.

Ndipo mtu anagonga kutoka chini ya tumbo la ndege. Ni mama mkwe. Ana sauti ya msichana na najua, bila kuona, kwamba ovaroli yake imemzidi urefu. Yeye yuko chini, mimi niko juu, kati yetu kuna plastiki. Hakuna mila iliyovunjwa.

"Wewe wa huko juu," anasema, "sisi tuliiosha kila asubuhi. Uchafu uliobaki ni ule ambao mkono haukuufikia."

Naiuliza sakafu ni wapi ambako mkono haukufika. Anagonga nyuma ya gurudumu, na mafuta meusi yanachuruzika hapo. Anagonga kwenye bawaba, na kutu inachipua. Anagonga pale mafundi walipokanyaga kwa buti wakipanda bawani, na rangi inababuka yenyewe. Kila anapogonga ndege inacheka kama anayetekenywa.

"Na huu mlango wa mafuta, chini ya bawa la kushoto, hautaki kufunga," anasema. "Haukuwahi kutaka."

"Mlikuwa mnafanyaje, mama?"

Anashusha sauti. "Nilikuwa naupiga teke. Wakubwa hawajui. Hata baba Nyemo hajui."

Anaupiga teke. Mlango unafunga, ndege inapiga chafya, tunaruka.

Tunapita juu ya kabati, juu ya chandarua, juu ya Dodoma nzima iliyotandikwa mezani kwetu, na vilima vya mawe vinatupungia mikono. Ndege inapinduka. Sasa mama yuko juu na mimi niko chini, tunacheka mpaka mbavu zinauma, kila mtu akitazama upande wake. Mke wangu anisamehe, lakini hata siku ya harusi sikufurahi hivi.

"Mama," napiga kelele, "sasa imeruka?"

Kabla hajanijibu, Nyemo ananitikisa bega. Mama yuko tayari, anasema, na yeye anatoka kutafuta bajaji.

Sebuleni mama alikuwa amesimama, amenipa mgongo, ndege ikiwa mikononi mwake. Masizi yangu yalikuwa yaleyale, kila mahali, kwa usawa. Lakini aliipindua juu ya bega lake, nikaiona vizuri, na kidole gumba chake kikasimama chini ya bawa la kushoto. Kwenye mlango wa mafuta palikuwa na kibonyeo kidogo kuliko punje ya ufuta. Sikukiweka mimi.

Alikipapasa kwa muda mrefu. Nyemo hakuwepo, kwa hiyo aliiambia ndege.

"Nani kakwambia habari ya teke?"

Mimi nikauambia ukuta kwamba siri hiyo haitamfikia baba Nyemo.

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Alicheka kicheko kilekile cha kule juu. Kisha akaivua kanga ya mabegani, akaifunga ndege taratibu, akaipakata.

"Twende nyumbani, wewe," akaiambia. "Umeruka vya kutosha."

Nyemo aliporudi aliniuliza kwa kunong'ona mama amesemaje kuhusu ndege. Nikamwambia mama hajanisemesha hata neno moja.