Wanaoitika Salongo

Mume wangu Sylvain amekufa mwaka wa saba sasa, lakini kila Jumamosi asubuhi kapita, msimamizi wetu wa kazi, anamwita barabarani, naye anaitika. Anayeitika ni mimi. Kapita akisema "Bauma Sylvain", nasema niko, nainua jembe kidogo alione, anaweka alama yake, na tunaanza kuziba mashimo.

Usicheke. Kwetu Ngungu salongo haiiti watu, inaita nyumba. Kila nyumba inatoa mtu mmoja kwa kazi ya pamoja, na nyumba ina jina la baba aliyeijenga, awe yupo, awe amesafiri, awe chini ya udongo. Papa Viateur, kapita wetu, mwenyewe ameandikwa kwa jina la marehemu baba yake, na kila Jumamosi anajiita na kujiitikia bila haya. Ndivyo tulivyoilinda ile barabara miaka yote, kwa majembe na vikapu vya mawe. Ukitazama vizuri, nusu ya wanaoitika kwa majina ya wanaume wamefunga vitenge.

Mwaka jana jimbo lilitangaza zabuni ya kutengeneza kilometa kumi na nne za barabara hiyo. Zabuni kwetu si kitu kigeni. Kampuni za mjini zilishakuja mara mbili, na vibarua wao, na mawe yao juu ya lori, hata na mpishi wao. Sisi tuliwauzia ndizi. Mvua za mwaka mmoja zikaondoa kila walichomwaga, wao wakiwa wameshaondoka zamani. Lakini safari hii tangazo lilikuwa na sharti. Katika kila wafanyakazi kumi, sita watoke vijiji vilivyo kando ya barabara. Mawe na mchanga vinunuliwe hapo hapo. Na majina ya hao wafanyakazi yaletwe ndani ya faili, pamoja na fotokopi ya kadi ya kila mmoja.

Aliyenisomea tangazo ni Athanase, fundi wa madaraja, mtoto wa hapa aliyesoma Goma na akarudi, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Alikuwa ameandikisha kampuni yake ndogo na mimi ndiye katibu, kwa sababu nina mwandiko mzuri na sina woga wa kuuliza. Nilimwomba asome sharti lile mara ya pili. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Nitasema kwa nini, nisionekane mwenye tamaa tu. Sylvain alishikwa na tumbo asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, na wanaume wanane wakambeba kwa machela ya fito kumpeleka hospitali. Bondeni, pale tunapopaita Matopeni, kuna hatua kama hamsini ambazo matope yanafika mapajani. Kuzivuka kulichukua asubuhi nzima. Walipotokea upande wa pili alikuwa hasemi tena. Na pale Matopeni palikuwa pamelipiwa, pamekarabatiwa na pamepigwa picha mwaka uliotangulia. Tangu siku hiyo nikisikia mtu wa mjini akisema "barabara imekamilika" natamani kumshika mkono nikamsimamishe humo ndani.

Basi niliandika orodha. Wafanyakazi sitini na wawili. Sikusumbuka kutafuta majina, nilimwomba Papa Viateur daftari la salongo nikanakili. Nilijiona mwerevu sana. Nani anastahili kazi ya barabara kuliko watu walioilima bila malipo? Chifu wa kijiji alisoma kutoka juu mpaka chini, akapiga kashe, muhuri wa kijiji, hakuona kasoro hata moja, maana na yeye amekulia kwenye daftari hilo hilo. Kadi tulizikusanya kwa kila nyumba, tukazibana nyuma, na Athanase akateremka Goma Jumatatu.

Huko kuna biro, yaani ofisi, inayosaidia kampuni ndogo kukagua faili kabla bahasha haijafungwa. Anayekaa hapo ni mama mmoja anayeitwa Colette, mwenye miwani na subira fupi. Alilinganisha majina na kadi, akakuta orodha inasema Bisengimana na kadi inaonyesha mwanamke. Akauliza. Athanase akaeleza kwamba huyo amesafiri, na wale wawili wa chini wako Kashuga, kambi ya wakimbizi, shemeji zao ndio wanaofika. Mama Colette akamwuliza kuhusu wengine watatu ambao hawakuonekana popote. Hapo Athanase, mtu mwenye diploma, akasema kwa moyo safi kabisa maneno ambayo sasa yanasemwa Ngungu nzima kwa kicheko:

"Hao batatu balikufa, Mama, lakini banafanyaka kazi muzuri sana."

Alirudishiwa faili. Mama Colette alimwambia kwamba orodha ya namna hiyo, mbele ya tume, ina jina moja tu, nalo ni udanganyifu. Bahasha zilikuwa zinafungwa Ijumaa saa kumi. Tena akamwonya: baada ya hapo biro ingekuja yenyewe kuita majina barabarani, ya kila kampuni, na jina moja likikosa wa kuliitikia, faili zima linawekwa kando.

Athanase alifika Jumanne jioni amechafuka hadi kwenye nyusi, akataka kuacha. Alisema siku tatu hazitoshi. Nilikasirika, sifichi. Wiki ile ile kampuni moja ya mjini ilikuwa inazunguka vijijini mwetu ikikusanya fotokopi za kadi, na kila anayetoa anapewa kipande cha sabuni. Kwenye karatasi zao tungekuwa wafanyakazi, na barabarani wangekuja vijana wao. Tungeuza ndizi mara ya tatu. Nilimwambia Athanase kwamba kama yeye amechoka anipe karatasi, nitatembea peke yangu.

Jumatano nzima nilipanda na kushuka vilima, nyumba kwa nyumba. Nilidhani ni kazi ya kalamu tu. Kumbe nilikuwa nawaambia wanawake wafute waume zao, na nilikuwa nawaambia kwa haraka, kama mtu anayehesabu mihogo. Wengine walikubali kwa kunionea huruma. Dada Sidonie alilia kidogo kisha akaniandikia jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa, akaniambia hajaliandika tangu shule ya msingi. Kwa wale wa Kashuga niliandika mashemeji.

Kwa Mama Murekatete nilifika amemaliza kukamua, anamimina maziwa kwenye bidoni. Bisengimana, mume wake, alikwenda Mpofi kuuza fromaji, jibini ya maziwa yao, na huu ulikuwa mwaka wa pili hajarudi, simu haipatikani. Nilimweleza. Hakuinua hata kichwa. Alisema jina halitoki. Nilimwambia ni kazi ya miezi minane, yenye malipo, karibu na ng'ombe wake, ataipata wapi nyingine. Akasema jina halitoki. Basi nami, kwa hasira ya siku nzima, nikamwambia kwamba mwanaume aliyenyamaza miaka miwili hawezi kubeba jiwe.

Hapo aliweka bidoni chini. Alinieleza taratibu, na mimi nikasikia aibu inanipanda shingoni, kwa sababu alichosema nilikijua. Chifu akitaka kujua shamba ni la nani, hafungui karatasi za serikali, anafungua daftari la salongo. Jina la Bisengimana likitoka, ndugu zake watasema nyumba ile haina mtu, na yeye na watoto na ng'ombe watano watakwenda wapi? Nilimwambia daftari la Papa Viateur hakuna atakayeligusa. Hii ni orodha nyingine. Salongo inaita nyumba, hii inaita mikono. Ya Jumamosi itabaki ya Jumamosi.

Alifikiri. Kisha akaninyooshea mkono, nikampa karatasi, akaifuata mistari kwa kidole chenye povu la maziwa mpaka akasimama mahali.

"Na weye, Victorine? Ya Sylvain mbona ingali hapa?"

Nilisema nimeliacha la mwisho. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimeandika orodha mpya mara mbili, na mara zote mbili nilipofika mstari wa thelathini na moja niliandika Bauma Sylvain. Sitasema mkono uliteleza. Niliandika nikijua. Kijiji kizima kimeshamsahau, mama yake amemfuata, hata mbwa wake amekufa. Barabarani tu ndipo palipokuwa na mtu wa kumwita, na mimi wa kumwitikia.

"Futa ya kwako kwanza," Murekatete akasema. "Nikiona umefuta, nitafuta ya kwangu."

Niliweka karatasi juu ya kifuniko cha bidoni. Nilichora mstari mmoja, mwembamba, na chini yake nikaandika Mwamini Victorine. Niliumia, nikalia mbele yake bila kujificha, na yeye hakunibembeleza. Alinisubiri nimalize, akachukua kalamu, akafuta Bisengimana, akaniambia herufi za Murekatete moja moja nisije nikakosea. Kisha akanipa kikombe cha maziwa.

Usiku huo nilinakili orodha yote upya, safi, na safari hii mkono wangu haukubishana nami. Alhamisi chifu alipiga kashe huku akinung'unika kwamba kijiji chake kimekuwa cha wanawake. Nilimjibu kwamba kimekuwa hivyo siku nyingi, sema tu hakikuandikwa. Ijumaa alfajiri mimi na Athanase tulipanda pikipiki mbili. Matopeni tulishuka tukazisukuma. Tulifika biro saa nane na nusu, na Mama Colette akasoma jina na kadi, jina na kadi, hadi sitini na mbili, akavua miwani na kusema bahasha sasa inaweza kufungwa.

Wiki tatu baadaye alikuja mwenyewe na watu wawili wa tume, kuita. Tulikutana pale pale Matopeni, kwa sababu gari lao halikuweza kupita zaidi. Watu walijaa kingo zote mbili. Akaanza na kampuni ya sabuni. Wa kwanza aliitika. Alipoulizwa ameahidiwa kazi gani, alisema hajui, alipewa sabuni. Wa pili na wa tatu wakasema hivyo hivyo. Wa nne hakuitika, wa tano hakuitika, na mtu wa kampuni, aliyevaa buti mpya, akaanza kueleza kwamba wako mashambani. Mama Colette akafunga faili lile akalikabidhi kwa mwenzake. Kisha akafungua letu.

Sharti lilikuwa lile lile na sote tulilijua. Jina moja lisiloitika, basi. Sidonie alisema niko kabla jina halijaisha. Papa Viateur alipoitwa kwa jina lake mwenyewe alizubaa kidogo, watu wakacheka, akaitika. Nilikuwa nimesimama kando ya Murekatete, miguu ndani ya matope, nafuata hesabu kwa vidole. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Nilikuwa nawaangalia wengine, nikihofia huyu amelala, yule hasikii. Wanaume wanane walipita hapa na machela, mimi nyuma yao. Nilikuwa nayakumbuka hata makalio ya suruali zao.

Kukawa kimya. Mama Colette alikuwa ameinua kichwa. Nami nikakasirika kabisa moyoni, nikajiuliza ni mpumbavu gani huyu anayetaka kutuangusha sisi wote, na nikageuka kumtafuta.

"Mwamini Victorine," Mama Colette akaita mara ya pili. "Yupo ao hayupo?"

Athanase alikuwa amefumba macho. Mwenzake Mama Colette alishaweka kalamu juu ya karatasi. Ndipo mpini wa jembe la Murekatete uliponigonga ubavuni, kwa nguvu, hadi leo napasikia pale palipogongwa.

"Njo weye," akaniambia, kwamba anayeitwa ndiye mimi.

Niliinua jembe langu. Nilisema niko, na kwa kuwa sauti ya kwanza haikufika upande wa pili, nikasema tena.

Tulipewa kazi mwezi wa tatu. Matopeni ndipo tulipoanzia, kwa ombi langu, na Athanase hakuniuliza sababu. Mawe yalitoka kilima cha kwa kina Sidonie, tukayapanga matabaka matatu, na mfereji kila upande. Wiki iliyopita mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa alipita hapo juu ya pikipiki. Niliacha kazi nikatazama. Ilichukua muda wa kusema Baba Yetu mara moja, na hata hukufika amina.

Siku za kazi Athanase anaita Victorine, naitika. Jumamosi Papa Viateur anafungua daftari lake la zamani na kumwita Bauma Sylvain, na hapo pia naitika, kwa sababu nyumba bado ni yake na shimo halijui ni siku gani.