Dhahabu ya Allectus

Wivu ulimwingia Léonce siku Papy alipopewa kiti cha dirishani. Kiti chenyewe cha nini? Kimechanika, kinalia kila ukigeuka! Lakini katika karakana ya sonara Hoosen, mjini kati Durban, wateja humwona kwanza fundi wa dirishani, na Léonce alikuwa amekingoja miaka tisa. Papy, baba wa watoto wawili, ana mwaka mmoja na nusu tu kazini. Tena kuunga pete amefundishwa na nani? Na Léonce huyohuyo!

Basi siku moja Madamu Godelive akaleta sarafu ya dhahabu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ya Warumi, za aina yake zilizobaki zinahesabika. Alitaka itiwe fremu aivae kwenye harusi ya binti yake. Ilikuwa na uso wa mwanamume mwenye ndevu.

"Huyu ni Allectus," akaeleza. "Alikuwa mtunza hazina wa jemadari Carausius, aliyejitangaza mfalme kule Uingereza. Akamuua mkubwa wake, akakalia kiti chake, akapiga sarafu zake mwenyewe. Miaka mitatu tu, naye akauawa."

"Mubaya huyu!" Papy akacheka.

Na kazi akapewa nani? Papy!

Ijumaa, Hoosen akiwa msikitini, Papy akamaliza fremu. Desturi ya karakana ile, dhahabu haitoki mlangoni bila kupita kwenye brashi ya mashine ikang'aa. Papy akainua kichwa.

"Grand," yaani kaka mkubwa, ndivyo alivyomwita Léonce siku zote, "hii nayo napitisha ku brashi?"

Léonce alijua. Zamani Hoosen alishamkaripia: sarafu ya kale haisuguliwi hata kwa kitambaa, ukiisugua umeiua. Neno moja tu lilitakiwa.

"Fundi wa dirishani si wewe?" akajibu. "Mimi unaniuliza nini?"

Mashine ikalia. Léonce akainamia hereni zake, na, aibu kusema, alifurahi.

Madamu alipoikuta sarafu inameremeta kama kifungo cha koti jipya, ndevu zimefutika, pua imeisha, akaangua kilio palepale. Hoosen hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha.

"Nani amekwambia usugue?"

Papy akamtazama Léonce. Akamtazama sana.

"Hakuna mutu, boss. Ni mimi mwenyewe."

Akafukuzwa siku hiyohiyo. Kabla ya kutoka akamrudishia Léonce koleo dogo aliloazima. "Merci kwa yote, Grand," akasema, bila kejeli hata chembe. Eish, afadhali angemtukana!

Jumatatu Léonce akakaa dirishani, kifua mbele. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka Pinetown, pete mkononi.

"Papy iko wapi?"

"Aliacha kazi, mama. Nipe mimi."

Mama akasitasita. "Basi niitie ule mwalimu wake. Kila nikimusifu Papy, anasema hapana, sifa ni za Grand Léonce, fundi kupita wote Durban. Unamujua?"

Léonce akageuka, kiti kikalia.

"Simjui," akasema.