Tanzia ya Pande Zote

Onyango alikuwa na hakika kwamba kama Ikulu ya Marekani ingempigia simu, mambo ya Gaza yangekwisha mapema sana. Haikumpigia. Hata hivyo hakuvunjika moyo. Kila Jumapili jioni, akishatoka zamu kwenye nyumba ya wazee kule Edgbaston, aliwarekodia wanachama wa Umoja wa Wakenya wa Birmingham ujumbe mrefu wa sauti, akiwachambulia siasa za Washington.

"Sikilizeni, ndugu zangu," alikuwa akisema, sauti ameishusha kama mtangazaji wa taarifa ya habari. "Yule rais haangalii Gaza. Anaangalia Michigan. Kuna Waarabu wa Michigan wamenuna, kuna walokole wa kusini wanataka Israeli isiguswe, na kura ni Novemba. Ndiyo maana leo mkono unapanda pale Umoja wa Mataifa kuzuia vita visisimamishwe, halafu baadaye ndege zinadondosha chakula kwa parachuti. Anauma na kupuliza. Huo si uongozi, huo ni woga."

Wanachama wengi walikuwa wakizima kabla hajafika Michigan. Yeye hakulijua hilo, kwa sababu alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti haambiwi mambo mengi.

Mwezi huo wa Machi, Onyango naye alikuwa na uchaguzi wake. Derrick, kijana wa kompyuta mwenye tabasamu la kuudhi, alikuwa ametangaza kugombea kiti. Onyango akakaa na kahawa yake, akapiga hesabu, akagundua kwamba kila kitu kitaamuliwa mtaa wa Shard End, na kwaya ya akina mama inayoongozwa na Mama Chepkoech. Akina mama wale wakikukubali, umepita. Wakikununia, nenda zako ukalale. Na Mama Chepkoech alikuwa amehiji Yerusalemu na kanisa lake, akarudi na bendera ya Israeli, akaitundika sebuleni juu ya televisheni. Kila Ijumaa aliiombea nchi ile kwa sauti iliyosikika hadi kituo cha basi.

Basi mambo yalikuwa hivyo Hillow alipopiga simu Jumatatu asubuhi.

Hillow ni mtu wa Garissa, dereva wa basi, mkazi wa Winson Green nyuma ya jela, na katibu wa Umoja. Lakini hayo ni vyeo tu. Baba yake Onyango alipofariki Siaya, na Onyango akashindwa kwenda kumzika kwa sababu ya karatasi za uhamiaji, ni Hillow aliyekuja na godoro begani. Alilala sebuleni kwake hadi matanga yakaisha, akipokea wageni na kupika chai kana kwamba marehemu alikuwa baba yake mwenyewe. Onyango hakuwa na rafiki mwingine wa namna hiyo, na alijua hivyo.

"Onyango," Hillow akasema, sauti imemkauka. "Mdogo wake Nasreen ameuawa. Nyumba yao Gaza imepigwa bomu, yeye na mumewe. Weka tanzia kwa grupu, watu waje. Nasreen hajatia kitu mdomoni tangu jana."

Nasreen, mkewe Hillow, ni mzaliwa wa Mombasa. Mdogo wake alikwenda Misri kusomea dawa, akampata Mpalestina huko, wakaoana, wakahamia kwao mume. Onyango aliyafahamu hayo juu juu, kama mtu anavyofahamu habari za shemeji wa rafiki.

"Naandika sasa hivi, ndugu yangu," akasema, na alikusudia hivyo kweli.

Kwetu sisi wa ughaibuni, mwanachama akifiwa, mwenyekiti ndiye huandika tanzia. Kabla ya tanzia watu hujikalia, kila mmoja akiona si mahali pake kutangulia. Baada ya tanzia hakuna abakiaye nyumbani. Viti hukusanywa, chupa za chai hujazwa, sufuria kubwa ya Umoja hutolewa garini kwa yule ambaye ni zamu yake kuitunza. Onyango alikwisha kuandika tanzia nyingi, na haikumchukua muda mrefu kuliko kumenya ndizi.

Akaandika kwamba mdogo wake Nasreen ameuawa Gaza kwa bomu la Israeli. Kidole kikaelekea kwenye kitufe cha kutuma, kikasimama. Macho yake yaliiona ile bendera, juu ya ile televisheni, kule Shard End.

Si woga, akajiambia. Ni suala linalohitaji mashauriano.

Akafuta "Israeli". Bomu likabaki peke yake, halina mwenyewe, likaonekana la ajabu. Akafuta na bomu. "Ameuawa" ikawa "amefariki", kwa maana mtu hauawi na kitu kisichokuwepo. Kisha akampigia Mzee Kewal, mweka hazina, mzaliwa wa Kisumu, amsikie anasemaje.

"Onyango, mtu amekufa," Mzee Kewal akasema. "Unabeba mandazi, unakwenda. Shida iko wapi?"

"Mzee, kuna mambo ya kikatiba."

"Katiba ya nani?" Mzee Kewal akauliza, lakini Onyango alikuwa amekwisha kumshukuru na kukata simu.

Gertrude, mkewe, alikuwa akivaa sare yake ya uuguzi. Alikuwa ameyasikia yote.

"Baba Tevin, umeshaandika?"

"Niko kwenye mashauriano."

Gertrude akamtazama muda mrefu, namna anavyomtazama mgonjwa anayedai hana maumivu, akaenda kazini.

Jumanne Onyango akapanda basi kwenda Shard End kupima hali ya hewa. Njiani alijihisi kama waziri wa mambo ya nje anayeruka toka mji mkuu mmoja hadi mwingine, isipokuwa waziri hasimami toka mwanzo wa safari hadi mwisho akiwa amekanyagwa vidole na mkokoteni wa mtoto. Mama Chepkoech alimpokea mlangoni, akamketisha chini ya bendera, akammiminia chai.

"Mama," Onyango akaanza, baada ya kikombe cha kwanza, "kwa jumla tu, unaionaje hali ya Mashariki ya Kati?"

"Naiombea."

"Unaiombea. Vizuri. Unaiombea upande gani hasa?"

Mama Chepkoech akaweka birika chini. "Onyango, umekuja kunywa chai au kunihoji?"

Akanywa chai. Akanywa na kikombe cha pili, akaaga, na kwenye basi la kurudi akajiandikia moyoni kwamba msimamo wa Shard End ni mkali na hauyumbi. Msiba hakuutaja. Simu ikalia, ujumbe wa Hillow, neno moja tu: "Bado?"

"Tuko hatua za mwisho," Onyango akajibu. Hata yeye alisikia harufu ya maneno hayo, na aliijua inakotoka. Alikuwa ameyacheka maneno hayohayo ya wakubwa wa Washington Jumapili iliyopita, kwa sauti, mbele ya kikundi kizima. Akaona aibu kidogo, ikampita alipokumbuka tabasamu la Derrick.

Jumatano jioni tanzia ikawa tayari. Gaza ilikuwa imekuwa "eneo la Mashariki ya Kati", maana yake hata mtu wa Dubai angeweza kuhusika. Mdogo wake Nasreen alikuwa amegeuka "jamaa wa karibu". Onyango akaituma, akavaa koti lake jeusi, akaenda Winson Green. Hillow ni Mwislamu, na siku zao za kukaa matanga zilikuwa zinakwisha jioni hiyohiyo.

Mlangoni alikuta viatu vimejaa hadi kwenye ngazi. Alidhani tanzia yake imefanya kazi haraka, akafurahi, Mungu amsamehe. Akaingia.

Jikoni, mikono ndani ya povu, alikuwa Mama Chepkoech. Kando yake Gertrude, aliyemdhania yuko zamu, alikuwa anapakua wali. Nusu ya kwaya ilikuwa imekaa zuliani na Nasreen katikati yao, na Mzee Kewal alikuwa kwenye kona na sahani ya mandazi mapajani.

"Gertrude alinipigia jana, ulipotoka tu kwangu," Mama Chepkoech akasema bila kugeuka. "Ulikunywa chai yangu vikombe viwili, Onyango. Hukuniambia kuna msiba."

"Mama, nilidhani... ile bendera..."

"Israeli nitaiombea mpaka nife. Huyu amefiwa na ndugu." Akaisuuza sahani, akaiweka. "Ulifikiri sisi ni watu gani?"

Siku zote hizo Onyango aliwaza kura za akina mama wale, wala si akina mama wenyewe. Alijiona mdogo, na koti lake jeusi likazidi kumlemea.

Hillow akanyanyuka, akampa mkono. Hakumkumbatia. "Karibu, Mwenyekiti," akasema kwa adabu, kama anavyokaribisha maafisa. "Hatujapata nafasi ya kushika simu leo. Tusomee tanzia."

"Si lazima, Hillow."

"Tusomee. Tuliingoja."

Basi akasoma, amesimama katikati ya zulia na soksi zake. "Uongozi wa Umoja umepokea kwa masikitiko taarifa kwamba jamaa wa karibu wa mmoja wa wanachama wetu ametutoka, kufuatia hali inayoendelea katika eneo la Mashariki ya Kati. Uongozi unawapa pole wote walioguswa, wa pande zote, na unahimiza utulivu."

Kijiko kilianguka jikoni, Gertrude akakiokota.

Nasreen akainua uso. Macho yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa tulivu. "Shemeji," akasema. "Mdogo wangu alikuwa akiitwa nani?"

Onyango akafungua mdomo. Alikuwa ameongea na Hillow, na Kewal, na Gertrude, na Shard End yote, na katika mashauriano yote hayo hakuwa amemuuliza mtu.

"Rubina," Mama Chepkoech akajibu kutoka jikoni. "Na mumewe ni Samir."

"Tia jina lake, Mwenyekiti," Hillow akasema. "Halafu uitume tena."

Onyango akaketi pembeni ya viatu, akafungua simu. Akaisoma tanzia yake kutoka juu hadi chini, neno kwa neno, akitafuta mahali Rubina angeweza kuingia, asipate.