Mkasi Uliovikwa Kitambaa

Kila Jumatatu, kabla wateja hawajaanza kuingia, binti wa fundi cherehani alivua vitambaa vichafu kwenye mishikio ya mkasi wa mama yake na kuvisha vipya. Kazi hiyo alipewa akiwa na miaka tisa, na sasa alikuwa mtu mzima mwenye cherehani yake, lakini hakuwahi kujiuliza ni ya nini. Wateja walimtania fundi kwamba mkasi wake unavaa vizuri kuliko yeye.

Fundi aliwekewa nyonga bandia ya chuma mwaka na nusu uliopita. Miezi ya mwanzo alikanyaga cherehani kama msichana. Kisha maumivu yakaingia kwenye kinena, paja likavimba, vipele vikamtoka kiunoni. Alipigwa picha za eksirei mara mbili, na mara zote mbili wakaambiwa chuma kimekaa sawasawa.

Binti akaamini picha. Sare za shule zilikuwa zimerundikana mpaka dirishani, wenyewe wanadai, na siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Mama, picha imesema huna kitu. Unajidekeza tu!"

Wateja wawili walikuwa wamesimama pale pale. Mama alikata uzi kwa meno, akaendelea kupinda sketi.

Daktari waliyempata safari hii alikuwa mwanamke mfupi, miwani juu ya paji la uso. Alikuwa na majibu ya damu na ya maji yaliyovutwa kwenye nyonga.

"Kichwa cha chuma cha hiyo nyonga kinasuguana na kikombe chake, nacho cha chuma," alisema. "Chembe zinatoka, zinafika mpaka kwenye damu. Mwili wako umezikataa, mama. Unapigana nazo, na nyama iliyo jirani ndiyo inayoumia."

"Kwa hiyo si kujidekeza?" mama aliuliza.

"Kujidekeza? Mimi nashangaa umefikaje hapa kwa miguu yako."

Binti akainamisha uso.

"Itabidi tuitoe nyonga hiyo, tuweke ya kauri na plastiki. Lakini niambie, chuma kimewahi kukuwasha? Hereni, saa, bangili?"

"Sivai vitu hivyo."

"Kwa nini?"

Mama akafikiri. "Sijui. Nimezoea tu."

Mkoba wa mama ulikuwa mapajani mwa binti, na mkasi ulikuwa ndani, maana fundi hakuuacha mahali watu wengine wangeushika. Binti aligusa kile kitambaa. Alikumbuka vidole vya mama vya zamani, vilivyochubuka na kutoa maji mpaka mkasi ulipoanza kuvikwa. Tena akamkumbuka nesi aliyeuliza kabla ya upasuaji kama mgonjwa ana aleji. Mama hajafungua mdomo, yeye akarukia: "Hana kabisa, anakula kila kitu."

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini mkono ulikuwa umeshautoa mkasi.

"Daktari, huu tunauvika kwa sababu ulikuwa unamchubua. Na nilipoulizwa, nilisema hana aleji."

Daktari aliugeuza mkasi taratibu. "Siwezi kuapa kwamba jibu lingine lingezuia haya," alisema. "Ila afadhali tungelijua mapema." Akaandika.

Nje, kwenye benchi la korido, binti alilia bila kujali wapita njia.

"Nisamehe, mama. Nilijibu mimi."

Mama alichukua mkasi, akaurudisha mkobani na kufunga zipu.

"Hilo la aleji sikuwekei kinyongo. Hata mimi nilikuwepo, na mdomo ninao." Akanyoosha mguu kwa taabu. "Lakini karibu mwaka mzima nakwambia naumwa, mwanangu. Nakwambia kwa mdomo huu huu. Wewe ukaamini picha."