Nilimwambia Linux Nyumba ni Yake

Usiku wa jana niliota nimekaa ndani ya kompyuta yangu, nakunywa chai. Kumbe ndani ni nyumba ya Tanga kabisa: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani kuna karo la kuoshea vyombo. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni vumbi, maana kwa nje huwa naifuta kila Ijumaa.

Mwenye nyumba ni Windows, mfumo uliokuwemo tangu siku niliyoinunua. Ni mama mnene mwenye khanga mbili, naye alikuwa anafagia. Nilimwuliza atamaliza saa ngapi. Akanijibu kwamba amefika asilimia thelathini, na nisithubutu kumzima. Nikamwambia basi asijichoshe. Akasema hajichoshi, yuko kwenye hiyo thelathini tangu mwaka juzi.

Mara nikasikia hodi. Kwetu sisi mtu akipiga hodi haulizwi ni nani. Kwanza anakaribishwa, mengine baadaye.

Akaingia bwana mfupi, kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake, anatembea kwa kuyumba, na mahali pa pua na mdomo ana mdomo wa ndege. Akajitambulisha kwamba anaitwa Linux, katoka kwenye flashi, na katumwa na binamu yangu Shekue. Ni kweli, Shekue amenisumbua wiki nzima na habari za huyu bwana, kwamba naye ni mfumo kama Windows, ila ni mwepesi, si mlaji, na anaweza kukaa na yule wa zamani katika mashine moja bila ugomvi.

"Karibu," nikamwambia. "Jisikie nyumbani. Nyumba ni yako."

Akasimama. "Yote?"

"Yote."

"Una uhakika?"

Jamani, swali gani hilo la kumwuliza mwenyeji. Nikamwambia nina uhakika, nikamsogezea kiti.

Hakukaa. Alivua koti, akatoa ndoo ya chokaa na brashi, akaanza kupaka nyumba.

Chokaa ile ikigusa kitu, kitu hakipo tena. Alipaka kabati la picha, likatoweka. Akapaka mashairi yangu yote, na yeye ndiye mtu wa kwanza kuyapitia yote. Alikuwa mpole ajabu, kila anachofuta anakiomba radhi kwanza. Windows akaniuliza kama ndiyo ameachwa. Nikamwambia hakuna aliyeachwa, ni mgeni tu huyu. Akanuna, na wakati ananuna akapakwa miguu mpaka magotini.

Kisha mgeni akachukua ndoo yake, akaelekea chumba cha mwisho kulia.

Chumba hicho ni cha mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo. Ametutoka, Mungu amrehemu, na humo kimebaki kicheko chake tu. Siku nilipopelekwa ukweni mara ya kwanza, shemeji zangu walinikalisha kwenye mbuzi nikune nazi, kwa utani. Nilikuna mpaka kifuu, nazi ikawa nyeusi. Mama mkwe alicheka akashika mbavu, na mtu mmoja akamrekodi. Mke wangu, Mwanamvua, akimkumbuka mama yake hufungua kicheko kile akakisikiliza. Hana sauti nyingine ya mama yake, na hiyo moja imo humu tu, hatujainakili popote.

Nakimbia. Ukumbi unarefuka, unakuwa uwanja wa mpira, napita katikati ya goli, watu wanashangilia, unakuwa ukumbi tena. Nafika mlangoni nasimama. Mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe wake, hata ndotoni. Napiga hodi. Ndani kicheko kinacheka. Hakijui kusema karibu, hakikurekodiwa hivyo.

Linux hana mkwe. Yeye ameshaingia, na nasikia brashi ikichovya kwenye ndoo.

Hapo niliogopa kweli. Nilijiona nikimweleza Mwanamvua kwamba mama yake nimempaka chokaa kwa sababu ya kumkirimu mgeni. Nilitaka kumwambia yule bwana aache, lakini kumnyang'anya mgeni nyumba uliyompa kwa kinywa chako, ulimi uligoma. Nikaweza kukohoa tu. Akanijibu kutoka ndani, akaniombea afya.

Miguuni pangu pana mbuzi ya kukunia nazi, na nusu ya nazi juu yake.

"Kaa," mbuzi ikasema.

"Sijui kukuna."

"Tunajua. Kaa hivyo hivyo."

Nikakaa pale kizingitini. Nakuna, nafika kifuuni, naendelea kukuna, chembe nyeusi zinaniruka puani. Kicheko kikaniona. Kikacheka kile kile, kikashika mbavu, kikainuka na kutoka chumbani chenyewe ili kinitazame vizuri, kikaketi mkekani pembeni yangu. Linux akatoka nyuma yake, brashi mkononi, chokaa inadondoka.

"Mna mtu humu," akasema. "Nawe ulisema nyumba yote."

"Nilisema kwa adabu."

"Adabu hiyo siijui. Mimi nafanya ninaloambiwa."

Sijapata kumjibu mgeni hivi maishani mwangu. "Basi nakwambia sasa. Chako ni chumba cha uani. Huku mna wenyewe."

Nilitegemea atanuna. Alishukuru. Akasema chumba kimoja kinamtosha sana, laiti ningemwambia pale mlangoni. Kwa chokaa iliyobaki akachora mstari sakafuni, na ukuta ukaota hapo hapo. Windows akarudishiwa miguu yake, kabati la picha likarudi. Mashairi yangu hayakurudi, na hakuna aliyeyaulizia.

Nikaamka. Kumekucha, nimelala mezani, shavu lina alama za vitufe. Kompyuta mbele yangu bado inauliza lile ililokuwa ikiniuliza nilipopitiwa na usingizi: nifute diski yote, au niweke Linux kando ya mfumo uliopo. Mshale niliuacha kwenye kufuta yote, nakumbuka vizuri, kwa kuwa ndilo chaguo lililotangulia na niliona si vyema kuliruka. Sasa mshale uko kwenye la pili.

Juu ya kitufe cha kukubali pana chembe za nazi, bado mbichi.

Mwanamvua akaingia na chai. Aliziona kabla sijasema neno. Jana tulikula ugali kwa dagaa, na nazi nyumbani hamna tangu wiki iliyopita. Akaokota chembe moja, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii imefika kifuuni," akasema. "Huu mkuno ni wako."

Akacheka. Kicheko ni kile kile cha mama yake, na mbavu alizishika vile vile. Nikamwomba anitafutie flashi nyingine, iliyo tupu, tumnakili mama kwanza. Mgeni angoje mlangoni.